Meli ndogo ya zamani au jimeli jipya? Kwa wachalii wanaotafuta kazi za meli

Wachalii wengi wanaomaliza vyuo vya hoteli hapa Arusha, na hata mawaita wa lodji waliochoka kurudishwa nyumbani bila mshahara kila mvua za Aprili zikianza, ndoto yao ni moja tu, kupanda meli za kitalii. Na siku hizi wameshaona video za Icon of the Seas kwenye simu, mabwawa 7, maslaidi ya maji 6, basi hakuna meli nyingine wanayoitaka. Akitokea ejenti akasema kuna nafasi kwenye meli ndogo ya miaka ya tisini, dogo anakunja sura.

Mimi nimefanya hauskipingi kwenye meli za aina zote mbili kabla sijarudi huku kwenye kempu za Serengeti, na ninachowaambia wadogo zangu ni hiki: kama mpango wako ni kuja kufanya utalii huku kwetu, mkataba wa kwanza piga kwenye meli ndogo hata kama imechoka. Kama shida yako ni hela ya kupaua boma lako Moshi alafu utalii basi, nenda zako kwenye jimeli, hutajuta sana.

Icon ilianza kazi Januari 2024, urefu wake ni mita 365 hivi, inabeba abiria 5,610 kila kabini ikiwa na watu wawili na ikijaa kabisa wanafika kama 7,600, wafanyakazi 2,350. Tani zake ni 248,663 ambazo sio uzito eti, ni kipimo cha nafasi ya ndani, na kwa kipimo cha zamani kinachofanana na hicho Titanic ilikuwa 46,328. Sasa chukua zile meli ndogo zilizojengwa Ufaransa kati ya 1998 na 2001 kwa ajili ya kampuni ya Renaissance Cruises iliyokuja kufilisika, leo nyingine ziko kampuni ya Azamara na nyingine kampuni ya Oceania, hizo zina tani elfu 30 na kidogo, abiria kama 700 na wafanyakazi kama 400. Piga hesabu mwenyewe, kule kubwa mfanyakazi mmoja anaangukiwa na wageni wawili na zaidi, huku ndogo hata wawili hawatimii.

Hiyo hesabu utaiona vizuri siku ya kubadilisha wageni. Meli kubwa nyingi zinazunguka wiki wiki, kwa hiyo kila baada ya siku 7 unaamka usiku wa manane, mabegi yameshapangwa kwenye korido, asubuhi watu elfu tano na zaidi wanashuka na mchana wengine idadi ile ile wanapanda, na katikati hapo una masaa machache ya kutandika, kusugua vyoo, kutoa taka na kukagua kila kitu kabla supervaiza hajapita. Chini kwenye korido kuu ya wafanyakazi kunakuwa kama stendi ya Moshi tarehe 23 Desemba, kila mtu ana mzigo na kila mtu ana haraka. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia unasema usipungukiwe saa 10 za mapumziko ndani ya saa 24, lakini unaruhusu zikatwe vipande viwili ilimradi kimoja kifike saa 6, ndo maana utajikuta unalala mara mbili kwa siku na hakuna usingizi hata mmoja unaoshiba. Alafu wiki ijayo tena. Baada ya muda sura za wageni zinachanganyika, unasema gudmoningi kwa mtu hujui kama ndo wako au ni wa korido ya jirani.

Kwenye meli ndogo safari nyingi ni ndefu, wiki mbili, tatu, na wageni wengi ni wastaafu wenye muda wao, tena wanarudi meli ile ile mwaka hadi mwaka. Unajua bibi yule anataka mito miwili migumu, babu yule hataki mtu aguse vitabu vyake, na ukikosea wanakwambia kwa jina lako. Na kwa sababu watu ni wachache unashikishwa kila kitu, asubuhi kabini, mchana unasaidia bufee ya juu, jioni unabeba mabegi. Wengine wanaita kuonewa. Mimi nasema ndo shule yenyewe, maana kempu ya mahema kumi na kitu huku porini inaendeshwa hivo hivo kabisa, mgeni akikaa usiku tatu anategemea ujue chai yake, na bosi wangu wa sasa kwenye intavyuu hakuuliza hata meli ilikuwa na ghorofa ngapi, aliuliza kama naweza kusimamia sehemu peke yangu mpishi akiugua.

Sasa nisiwadanganye kuhusu kulala. Meli ya zamani chumba cha mfanyakazi ni kidogo, bomba linalia usiku, choo cha kunyonya kwa hewa kikiziba kinaziba korido nzima, na eisii siku ikigoma utajua. Sababu iko kisheria pia, ule mkataba wa kazi za mabaharia ulianza kutumika Agosti 2013 na masharti yake ya vyumba yanazibana meli zilizojengwa baada ya hapo, kwa mfano kwenye meli ya abiria chumba cha wawili kisipungue mita za mraba 7.5. Zilizojengwa kabla zinabaki na masharti ya zamani. Kwa hiyo jimeli jipya linashinda hapo, bafu lenu wenyewe, jimu ya wafanyakazi, na intaneti ya kueleweka ya kuongea na mama. Chakula kote ni wali tu, wali wa Kifilipino, wali wa Kihindi, ugali sahau.

Kuyumba nako. Meli ndogo inayumba zaidi, na vile vibawa vya pembeni chini ya maji vinapunguza kulala kushoto na kulia tu, ule mchezo wa pua kupanda na kushuka vinakuacha nao. Vyumba vyetu vingi viko chini mbele, ndo kunakorushwa zaidi, na nanga ikishushwa alfajiri mnyororo unapita utadhani uko kitandani kwako. Ukisikia mnaenda Ghuba ya Biscay, ile bahari ya Ufaransa na Hispania inayochafuka, beba tangawizi.

Ila kwa kutembea, meli ndogo hakuna mpinzani. Meli moja ndogo, Braemar, yenye urefu wa mita 196 na upana wa 22.5, Oktoba 2019 ilipita kwenye mfereji wa Corinth kule Ugiriki, mfereji wenyewe upana ni kama mita 24, fikiria. Venice kule Italia nako tangu Agosti 2021 meli za zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita mbele ya San Marco, ule uwanja maarufu wa mji, yaani hata zile za tani elfu 30 hazipiti, ni ndogo zaidi ya hizo tu. Jimeli mara nyingine linatia nanga mbali, watu wanapelekwa nchi kavu kwa boti, abiria kwanza, mpaka zamu yenu wafanyakazi ifike mapumziko yameisha. Wapo waliozunguka Karibiani mkataba mzima wakaona geti la bandari tu.

Hela inategemea. Kampuni nyingi za Kimarekani zinamkata mgeni tipu kila siku kwenye akaunti yake na inagawanywa, wakati baadhi ya za Uingereza tipu imeshaingia kwenye bei ya tiketi. Uliza hilo kabla ya kusaini. Nafasi za kupanda cheo nazo ziko nyingi kwenye makubwa, maana migahawa ni mingi, ndogo mpaka mtu astaafu.

Alafu kuna jambo la umri wa meli lenyewe. Marco Polo ilijengwa 1965, kampuni iliyokuwa nayo ikaanguka Julai 2020, na mwaka 2021 meli ikaishia kukatwa vyuma Alang kule India. Meli kuukuu inaweza kuuzwa ukiwa katikati ya mkataba, kwa hiyo uliza bima ya kutelekezwa, yaani mwenye meli akiwaacha bila mshahara, tangu 2017 meli zilizo chini ya ule mkataba wa kimataifa wa mabaharia zinatakiwa kuwa nayo na inalipa mpaka miezi 4 ya mshahara pamoja na nauli ya kurudi nyumbani.

Na meli iwe ndogo iwe kubwa, ejenti akitaka milioni mbili "za nafasi" ondoka, hata kama ofisi yake ina picha za meli ukuta mzima. Mkataba ule ule unakataza kumtoza baharia hela ya kutafutiwa kazi, unachotakiwa kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti, viza ni ya mwenye meli. Kitabu huku bara kinatolewa na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, na kozi ya usalama wa msingi utaipata pale DMI, chuo cha ubaharia cha Dar, hiyo kafanye mapema kabla hata ya intavyuu.