Maswali na Majibu: Bunduki Kongwe za Leva na Risasi za Kujipakia Mwenyewe

Fundi, nimerithi Winchester 1873 ya .44-40. Mtutu unang'aa ndani na leva (mkono wa chini wa kupakia) inakwenda laini. Naweza kupiga risasi mpya za dukani?

Mtutu unaong'aa ni habari njema, ila haukuambii chochote kuhusu kile kinachozuia ganda lisirudi usoni mwako. Kwenye 1873, kama ilivyokuwa kwenye Henry ya 1860 na Winchester 1866, bolti, kipande kinachoziba nyuma ya ganda, hushikiliwa na viungo viwili vinavyonyooka kama goti leva inapofungwa. Mfumo huo uliundwa kwa baruti nyeusi: .44 ni upana wa jina tu, kwa inchi, 40 ni greni za baruti (gramu 2.6 hivi), na mbele yake kichwa, kipande kinachoruka, cha greni 200. Viungo vikilika, inabaki nafasi nyuma ya ganda, na kila unapofyatua ganda linavutika kuijaza.

Kwa hiyo anza na maganda uliyokwisha kupiga. Tafuta mstari unaong'aa unaolizunguka ganda juu kidogo ya kitako. Ukiuona, chukua waya mwembamba, pinda ncha yake, uingize ndani ya ganda na uburute ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikizama kwenye mfereji, ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Weka bunduki chini, mpelekee fundi aipime kwa geji.

Kuhusu risasi za dukani, soma boksi kabla ya bei. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda viliuza .44-40 zenye kasi zaidi kwa ajili ya Winchester 1892, kazi ya John Browning, ambayo bolti yake hufungwa na vyuma viwili vinavyopanda wima ubavuni. Risasi hizo zinaingia kwenye 1873 bila kusumbua hata kidogo, na ndiyo maana viwanda vililazimika kuandika onyo kwenye boksi. Zako ni zile za nguvu ya chini tu, na baada ya bunduki kukaguliwa.

Rafiki ananishauri nitumie baruti isiyo na moshi, nusu ya uzito wa ile nyeusi. Ni sawa?

Hapana, na rafiki huyo usimwachie mizani.

Baruti nyeusi hupakiwa kwa ujazo: unajaza ganda mpaka kichwa kikikaa kinaibana kidogo. Isiyo na moshi si kitu kimoja. Zipo aina nyingi, kila moja na mwendo wake wa kuungua, na hakuna hesabu ya kugawa kwa mbili inayozihusu zote. Kipimo hutoka kwenye jedwali la mtengenezaji, kwa baruti ile ile iliyoandikwa kwenye kopo na kwa daraja la bunduki yako. Tazama majedwali ya .45-70, risasi nyingine ya zama za baruti nyeusi: mara nyingi utakuta ngazi tatu, ya chini kwa Springfield ya 1873, bunduki ya jeshi ya risasi moja, ya kati kwa bunduki mpya za leva, ya juu kwa bunduki za kisasa za risasi moja zenye nguvu. Mwenye Winchester 1886 ya zamani, nayo ya leva, akae ngazi ya chini, hata kama anajua kwamba 1886 ni imara kuliko Springfield. Chuma chake kina zaidi ya miaka mia moja.

Kuna hatari nyingine ambayo wapakiaji wapya hawaioni. Ganda la .45-70 ni pango. Kipimo kidogo cha baruti ya haraka hulala chini kabisa, na ukimimina mara ya pili kwa kusahau, bado ganda halijajaa. Baruti nyeusi ingekuwa imeshamwagika mezani. Panga maganda yote kwenye kibao, washa taa, uchungulie moja baada ya jingine kabla ya kuweka kichwa chochote. Na simu uizime.

Basi nikitumia nyeusi, naweza kupunguza ili mtikiso upungue?

Unaweza, ila usiache hewa kati ya baruti na kichwa. Pengo hilo linaweza kuvimbisha mtutu, ukaachwa na pete isiyoondoka. Nafasi inayobaki ijazwe kwa kijazio, kwa mfano unga wa mahindi uliosagwa kwa chenga.

Kila nikikaza vichwa, shingo za maganda ya .44-40 zinajikunja. Nimeshatupa maganda mengi. Shida ni mashine?

Shida ni ganda lenyewe kuwa jembamba: mdomoni lina unene wa takriban inchi 0.007. Wembamba huo una faida, kwa kuwa ganda huvimba haraka na kuziba chemba (chumba cha mtutu ganda linamokaa), masizi hayarudi kwenye mitambo. Mezani, lakini, halisamehe.

Wengi wanasukuma kichwa na kubana mdomo kwa mvuto mmoja wa mashine. Kichwa bado kinashuka huku mdomo umeshaanza kukishika, shaba haina pa kwenda, inavimba chini ya shingo. Tenganisha kazi hizo. Kwanza kata maganda yote yawe na urefu mmoja, panua midomo kidogo tu, kisha kalisha vichwa vyote dai (kifaa cha mashine kinachosukuma na kubana) ikiwa imepandishwa ili isibane. Ukimaliza, ndipo uishushe na kubana. Sauti ikibadilika au mkono ukihisi ugumu usiouzoea, simama.

Usiache kubana ukidhani unapunguza kazi. Kwenye magazini ya bomba, ambamo risasi hujipanga moja nyuma ya nyingine, springi inasukuma upande mmoja na mtikiso unapiga upande wa pili. Kichwa kisichobanwa huzama ndani ya ganda.

Ndiyo maana risasi zangu zinakwama katikati ya kupanda?

Huenda. Kwenye 1873 risasi inatoka kwenye bomba ikirudi nyuma, inaingia kwenye kinyanyuzi, na pua yake ndiyo inayozuia ya pili isiingie. Risasi ikiwa fupi, kitako cha inayofuata kinachungulia ndani ya kinyanyuzi, na kinyanyuzi hakipandi. Ikiwa ndefu, pua yake inabaki bombani, matokeo ni yale yale. Kipimo cha juu cha .44-40 ni inchi 1.592, yaani milimita 40.4. Pima kwa kalipa, na usilazimishe leva.

Kwa nini vichwa vingi vya magazini ya bomba ni bapa?

Kwa sababu pua ya risasi moja hukaa juu ya fataki (kiwashio cha kitakoni) ya iliyo mbele yake. Pua kali pamoja na mtikiso, bomba linaweza kulipuka mkononi mwako. Winchester 1895 ilikwepa tatizo hilo kwa magazini ya sanduku. Ndiyo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, Afrika Mashariki mwaka 1909, ya .405, akaisifu sana kwa simba.

Vichwa vyangu vinatawanyika kwenye shabaha. Nimebadili baruti mara kadhaa bila nafuu.

Rudisha baruti kabatini, pima mtutu. Mitutu ya .44-40 ya zamani ilitofautiana, mingine inchi 0.427 kwenye mifereji ya ndani, mingine 0.430 au zaidi. Kichwa kidogo kuliko mtutu huachia gesi pembeni na kupaka madini ya risasi kwenye kuta za mtutu. Paka mafuta mtutu mtupu, gonga kipande laini cha madini ya risasi kipite mpaka mwisho, kisha ukipime kwa maikromita. Vichwa vyako vizidi kipimo hicho kwa inchi 0.001, mradi risasi iliyokamilika bado inaingia chemba kwa wepesi. Kwa baruti nyeusi tumia vichwa vya mchanganyiko laini, madini ya risasi 20 kwa bati 1, na mafuta ya nta ya nyuki na shahamu. Mafuta magumu ya kisasa hukausha masizi, na baada ya kufyatua mara chache shabaha inapotea.

Nisafishe kwa dawa gani?

Maji ya moto na sabuni kidogo. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayonyonya unyevu, na chumvi huyeyuka kwa maji. Kwa kuwa 1873 husafishwa kutoka mdomoni, acha ganda tupu kwenye chemba lidake uchafu usimwagike kwenye viungo. Kausha, paka mafuta, kagua tena kesho yake. Maganda nayo yatumbukize majini siku hiyo hiyo.

Nipige msasa kutu ya nje ili ipendeze?

Usiguse. Mafuta mepesi na kitambaa, basi. Rangi ya zamani ikishaondoka, thamani yake kwa wakusanyaji imekwenda nayo.