Je, Kumfundisha Mwanafunzi Sheria ni Kumfundisha Kiburi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanaitaja mihimili mitatu ya dola bila kukwama, lakini ukiwauliza mtu akikamatwa na polisi afanye nini, wanakutazama tu. Nilipoanza kuwasomea vifungu vya sheria, mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba nawafundisha kiburi na kwamba kazi hiyo ni ya mawakili. Je, nimekosea? Kama sijakosea, nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, hukukosea hata kidogo. Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka kila mtu kufuata na kutii Katiba na sheria za nchi, na mtu hawezi kutii kwa kujua jambo ambalo hajapata kulisoma. Kumwakilisha mtu mahakamani ni kazi ya wakili. Kusoma kifungu pamoja na darasa ni kazi ya mwalimu.

Anzia kwenye jambo wanaloliishi. Nilipokuwa nikifundisha, niliwapa wanafunzi kisa cha fedha zilizopotea bwenini, ambapo mtuhumiwa alionekana akitoka humo peke yake wakati wa vipindi. Niliwagawa wakawa mlalamikaji, mtuhumiwa, mashahidi na waamuzi, lakini kabla hata shahidi wa kwanza hajasimama, darasa zima lilikuwa limekwisha kumtia mwenzao hatiani. Ndipo tukasoma Ibara ya 13(6), inayompa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inayokataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Msichana mmoja akauliza, "Nani alimwona akifungua tranka?" Hakuna aliyejibu. Somo la ushahidi liliwaingia pale pale, kuliko ambavyo ningeweza kuwaeleza kwa wiki nzima.

Kuhusu kiburi, mwonyeshe mwenzako Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo hiyo inayomlinda mtoto dhidi ya mateso inamwekea pia wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake. Someni sehemu zote mbili. Nionavyo mimi, kiburi huzaliwa pale mtoto anaposikia neno "haki" mitaani bila kuona limeandikwaje, lina mipaka gani, na neno "isipokuwa" limekaa wapi katika sentensi.

Wanafunzi wakubwa wanaweza pia kujadili shauri la Rebeca Gyumi, aliyepinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaipa nguvu hukumu hiyo mwaka 2019. Hapo wataona kwamba sheria yenyewe inaweza kushtakiwa, tena kwa utaratibu wa amani.

Kwa swali lao la kukamatwa, waambie kwamba anayemkamata mtu anapaswa kumweleza kosa analotuhumiwa. Kwa mengine, mwalike msaidizi wa kisheria wa wilayani kwenu, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hao, na umpelekee maswali ya wanafunzi mapema yakiwa yameandikwa kwa maneno yao wenyewe.