Kwa mwanangu: mkono wa kushoto kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Bombo, sote tu wazima. Uliuliza kwamba, kwa kuwa bendi yenu ya roki hapo Kampala inakulipa kidogo, ubaki mpiga kinanda tu au uongeze utunzi na kuwatayarishia wengine rekodi. Ongeza. Ila kazi zote hizo zinaanzia kwenye vidole vyako, kwa hiyo nianzie hapo.

Mpiga kinanda huitwa tena akijua nafasi yake ndani ya wimbo. Besi ipo chini, na gitaa la kukwaruza limeshajaza katikati. Mkono wako wa kushoto ukishuka kwenye noti za besi, sauti inakuwa tope, na fundi mitambo atakupunguza wewe, si mpiga besi. Piga kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya noti tatu kuanzia C ya kati kwenda juu, na uzigeuze kodi, yaani ubadilishe mpangilio wa noti zake, ili vidole visiruke mbali. Mkono wa kushoto ushike noti moja, au utulie kabisa. Hilo la kutulia ndilo gumu kuliko yote.

Ogani huwashinda wengi waliotokea kwenye piano, kwa sababu haijali umebonyeza kwa nguvu gani. Sauti hupanda na kushuka kwa mguu, kwenye pedali: ibane wakati wa ubeti, ifungue kwenye kiitikio. Ogani ya Hammond ina vijiti 9 vya kuvuta kwa kila seti, vya kuchanganya sauti; vuta vitatu vya kwanza hadi mwisho, vingine vyote virudishe ndani, utapata sauti nene isiyogombana na mwimbaji. Spika yake ya Leslie huzunguka: polepole haifikii mzunguko mmoja kwa sekunde, kwa kasi ni karibu 7. Haibadiliki papo hapo, inajivuta kwanza, na kibodi nzuri za kidijitali huiga hata huko kujivuta. Basi gusa swichi mapigo mawili kabla ya kiitikio, ili ifike kasi yake waimbaji wanapofungua midomo.

Mtazame Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi ya roki ya Deep Purple. Alisomea piano ya kiklasiki tangu utotoni, baadaye akaipitisha Hammond yake kwenye amplifaya za Marshall, zile za magitaa. Mwaka 1969 utunzi wake wa bendi pamoja na orkestra ulipigwa Royal Albert Hall, London. Rick Wakeman naye, mpiga kinanda mwingine, alipiga piano kwenye rekodi za mwimbaji David Bowie kabla ya kuingia bendi ya Yes mwaka 1971. Hao walisoma noti. Studio hulipiwa kwa saa, na anayesoma noti humaliza kazi mapema, akaitwa tena. Nakusihi, nusu saa ya kusoma noti kila siku, hata siku mliyotoka kupiga kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba.

Kwenye kurekodi, weka bafa ya kompyuta, yaani kiasi cha sauti inachokusanya kabla ya kuitoa, iwe sampuli 128. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni chini ya milisekunde 3. Ukiiacha 1,024 inazidi 21, noti inakufikia ikiwa imechelewa, unapiga nyuma ya ngoma na kuulaumu mkono wako bure. Wakati wa kuchanganya, irudishe 1,024 kompyuta isielemewe. Vilele vya sauti visipite desibeli -6. Ikigonga sifuri inapasuka, na mpasuko huo hautoki. Kata sauti za kinanda chako zilizo chini ya hezi 120 hivi, nafasi hiyo uiachie besi. Umeme ukikatika kompyuta ina betri yake, kibodi haina, kwa hiyo nunua UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kabla ya kununua spika kubwa.

Upande wa haki, wimbo ni mali moja na rekodi yake ni mali nyingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2006, usajili hufanyika URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, na UPRS, chama cha haki za watunzi, hukusanya malipo ya nyimbo zinapopigwa hadharani. Andikeni mgao wa asilimia siku ileile wimbo unapokamilika, kila mmoja atie saini kabla hamjatoka studio. Wimbo ukishapata pesa, kila mtu hukumbuka kwamba yeye ndiye aliyetunga kiitikio.

Urekodi upya ule wimbo ulionitumia, mara hii bila mkono wa kushoto, halafu uniletee nisikie.

Baba yako