Kazi ya Njia ya Msalaba: jibu kwa mchoraji wa Njombe

Mkuu, umeuliza kama hiyo kazi ya parokia, vituo 14 vya Njia ya Msalaba (picha za safari ya mateso ya Yesu hadi kuzikwa), uichore moja kwa moja ukutani au kwenye mbao, na kama Yesu awe Mwafrika. Nafanya kazi za makanisa hapa Iringa, nakujibu nilivyoziona.

Ukuta achana nao. Plasta mpya ya saruji inakula rangi ya mafuta, na kwa baridi na ukungu wa huko Njombe unyevu hauishi; rangi itavimba na kubanduka. Chukua plaiwudi, ipige praima (rangi ya msingi) mbele, nyuma na kwenye kingo, maana upande mmoja ukibaki mtupu ubao unapinda. Ukitundika, acha upenyo wa hewa nyuma yake.

Kabla ya kushika brashi, nenda ukasali Njia ya Msalaba na waumini wa hapo Ijumaa moja ya Kwaresima, ukae benchi la nyuma. Utaona taa zilivyo hafifu. Nyuso ndogondogo na majengo ya Yerusalemu uliyohangaika nayo hakuna atakayeyaona. Mikono, migongo na ule msalaba ndivyo vinavyosomeka kwa mbali.

Wengi wanakwama vituo vya 3, 7 na 9. Yesu anaanguka mara tatu, wao wanarudia picha ileile. Mimi cha 3 namweka goti moja chini, kichwa bado kiko juu. Cha 7 anajishikilia kwa mikono na magoti. Cha 9 kifua kiko vumbini, msalaba umemlalia, uso hauonekani kabisa.

Suala la Uafrika ni la paroko na kamati ya liturujia (ya ibada), usiamue peke yako. Wapelekee michoro ya penseli ya vituo vyote 14, waisaini. Ila Simoni wa kituo cha 5 ni mtu wa Kirene, Libya ya leo, kwa hiyo mtu aliyetoka Afrika yumo tangu zamani!

Usisahau nafasi ya misalaba 14. Kwa utaratibu wa Kanisa hiyo ndiyo inayohitajika, picha zinaongezewa tu.

Hela sasa. Andikishana na parokia, mkataba upigwe mhuri, usiishie maneno ya mdomo na paroko. Mapadre wanahamishwa. Mimi niliwahi kubaki na vituo vilivyokwisha kuchorwa vimeegemea ukuta wa chumbani, paroko mpya aliyekuja anasema hana habari navyo. Chukua nusu mwanzoni, iliyobaki siku ya kutundika, kabla havijabarikiwa. Vikishabarikiwa utaambiwa usubiri harambee.