Sikoseli: damu tumerithi, ila neti, maji na sweta viko mikononi mwetu

Juzi nimepata meseji ya mama mmoja, nimemuomba ruhusa niiongelee hapa bila kumtaja. Mwanae ana miezi tisa, aliamka vidole vya mikono na miguu vimevimba, mtoto analia ukimgusa, wakadhani labda kaumwa na mdudu, wakampaka mafuta siku ya kwanza, ya pili wakampeleka hospitali, akapimwa, majibu yakaja SS, yaani ana sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Sasa swali lake wala halikuwa la dawa. Kaniandikia hivi: "Dada, mama mkwe anasema kwao ugonjwa huu haupo kwa hiyo nimeuleta mimi. Na jirani kaniambia hawa watoto hawavuki miaka kumi. Ni kweli?"

Mama, mimi nina miaka 39 na nina SS. Nafanya kazi, nalipa kodi ya nyumba kwa hela yangu, nina mtoto anayenisumbua kila jioni kuhusu simu. Hao wa "hawavuki kumi" nimewasikia tangu sijaanza shule na baadhi yao nimeshawazika mimi. Samahani kama inasikika vibaya, ila sijisikii vibaya kuisema.

Tuanze na la mama mkwe maana najua ndo linakunyima usingizi kuliko hata dawa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza hemoglobini, ile protini inayofanya damu iwe nyekundu na ibebe oksijeni, moja kapewa na baba, nyingine na mama. Ukirithi nzima mbili wewe ni AA. Ukirithi nzima moja na ya sikoseli moja ni AS, na AS anaishi maisha yake kawaida, analima, anacheza mpira, anazeeka, hajui lolote. Ukirithi za sikoseli mbili ndo unakuwa SS kama mimi na kama huyo mtoto. Mbili! Mama hawezi kutoa zote mbili peke yake. Kwa hiyo mtoto akiwa SS, baba naye kachangia nusu yake, na kama baba kachangia basi kaipata kwa mama yake au kwa baba yake. Yaani huyo mama mkwe anayesema "kwetu haupo" inawezekana kabisa ndiye alikuwa nayo muda wote huo. Mpimeni na yeye, kwa heshima.

Na kwamba "haupo" ni kwa sababu AS hauonekani. Unaweza kutembea kwenye ukoo toka kwa babu wa babu, kimya, mpaka siku AS akutane na AS mwenzake.

Nayasema haya kwa sauti kubwa kwa sababu mama yangu hakupata mtu wa kumsemea. Kaka yangu wa kwanza alikuwa SS. Alipofariki, shangazi yetu mmoja alisema palepale msibani, watu wamekaa kwenye mikeka, kwamba "huyu mwanamke anatuletea watoto wa damu nyepesi." Mama alikuwa na mimba yangu. Baba alisikia, akanyamaza. Baba alikuja kupimwa miaka mingi baadaye, mimi niko sekondari, AS, na hakuna aliyerudi kumwomba mama msamaha, shangazi alisema tu "mambo ya Mungu hayo." Ndiyo, mambo ya Mungu, lakini lilipodhaniwa ni la mama lilikuwa la ukoo wa mama.

Sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, na huku sikoseli imejaa sio kwa bahati mbaya. Kulikuwa na daktari aliyeitwa Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 akapita akikusanya sampuli za damu Kenya, akaona kitu cha ajabu, watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wengi wana jeni hii, ukipanda kwenye nyanda za juu zenye baridi wanakuwa wachache sana. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha kazi yake kwamba mwenye AS anakingwa na malaria kali. Yaani kwa maelfu ya miaka mtoto wa AS alikuwa anaugua malaria anapona, mwenzake wa AA anakufa, basi jeni ikaendelea kubaki kwetu na kuongezeka. Mazingira ndo yaliyoichagua hii jeni. Mababu zetu walikingwa, na sisi SS ndo tunalipa bili, ndo maana nikisikia mtu anaita laana nacheka kwanza.

Ila sikiliza hii, maana wengi wanaichanganya. Ni AS anayekingwa. Mwenye SS malaria ikimpata inaweza kumuua haraka, kwa sababu damu yetu tayari ni kidogo. Chembe nyekundu ya mtu mzima wa afya inaishi kama siku 120, ya kwetu inaishi siku 10 hadi 20 hivi halafu inavunjika. Malaria ikija juu ya hapo inakuta akaunti haina kitu.

Na hapo ndo narudi kwa kaka yangu. Mimi na yeye baba mmoja, mama mmoja, SS wote wawili. Yeye alikulia kijijini kwa bibi, nyumba karibu na mabwawa ya mpunga, neti hakuna, zahanati mwendo wa nusu siku, na akiugua wanaanza kwanza na mganga aliyekuwa anamchanja chale kwenye tumbo kwa sababu tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto. Ile ilikuwa bandama. Kwa watoto wa SS damu inaweza kujikusanya kwenye bandama ghafla, ndani ya masaa mtoto anakuwa mweupe mdomo wote. Hakufika darasa la kwanza. Mimi baba alikuwa ameshapata kazi mjini, tukahamia Mwanza, hospitali unaenda kwa daladala. Nesi mmoja wa kliniki alimfundisha mama kunipapasa. Nakumbuka hadi leo, asubuhi kabla ya chai mama ananilaza chali, anaingiza vidole vyake vinne chini ya mbavu za kushoto, taratibu, ananiambia vuta pumzi, toa, halafu ananivuta kope ya chini anaangalia rangi. Akihisi kitu kimeshuka chini zaidi ya jana hatusubiri chai.

Jeni zilezile. Mmoja kaburini, mmoja anaandika blogu.

Sasa nisiwe mwongo, sio mazingira peke yake. Daktari wangu wa sasa aliniambia nina kiwango kizuri cha hemoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto anakuwa nayo tumboni na miezi ya mwanzo. Hiyo ndo inayomkinga mtoto wa SS mpaka karibu miezi sita, ndo maana wa kwako mama alikuwa mzima kabisa halafu ghafla vidole vikavimba. Kuna watu wanaendelea kuwa nayo kiasi mpaka ukubwani, na hilo nalo ni la kurithi. Kwa hiyo inawezekana nilibebwa na jeni nyingine nisiyoijua. Lakini kaka hatukumpima hiyo hemoglobini ya kichanga, na mimi siwezi kumshukuru Mungu kwa jeni nikaacha kumshukuru mama kwa neti.

Wasomaji wangu wa presha na kisukari naona mnapita mkidhani haiwahusu. Mnasema "kwetu presha ni ya ukoo." Sawa, lakini kwenu hamkurithi jeni tu, mmerithi na mkono wa kutia chumvi. Nimemaliza.

Shule ndo ilikuwa vita yangu. Mwenye SS akikosa maji, akipigwa baridi, akichoka kupita kiasi au akipata maambukizi, zile chembe zinajikunja, zinakwama kwenye mishipa midogo, na maumivu yake sitayaelezea maana siwezi. Sasa kuna mwalimu alinichapa kwa kutoka darasani kwenda kunywa maji mara kwa mara. Kuna mwingine alinilazimisha kukimbia mchakamchaka asubuhi ya mvua, nilimwambia ninaumwa akasema "ugonjwa gani hauonekani", nikalazwa wiki hiyohiyo, nikaongezewa damu. Kidato cha nne nilifanya mtihani nikiwa nimevaa sweta mbili, nikapata div one. Nimeiweka hapa makusudi, kuna watu nawajua wanasoma.

Ushauri basi, wazazi. Maji. Mtoto awe na chupa yake muda wote, na mwalimu apewe barua ya daktari, sio maneno ya mdomo. Sweta, na mvua ikimpata abadilishwe nguo haraka. Asioge ziwani asubuhi. Neti kila siku, sio msimu wa mbu tu. Foliki asidi (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu) na Pen V (penisilini ya kumeza ya kuzuia maambukizi) kama kliniki walivyoandika, Pen V mpaka angalau miaka mitano kwa sababu bandama yao huwa inakufa mapema na bandama ndo inapambana na wadudu wa nimonia, na chanjo zote zisirukwe. Joto likipita 38 usimpe panadol ukalala, nenda. Na ulizeni kuhusu haidroksiyurea. Kuna wazazi wanaiogopa kwa sababu wamesikia ni dawa ya kansa. Ndiyo inatumika na huko, lakini kwetu inapandisha ile hemoglobini ya kichanga niliyoisema, mimi tangu nianze kuitumia kulazwa kumepungua mno. Inataka kupimwa damu mara kwa mara na mjamzito haitumii kiholela, kwa hiyo usiinunue mwenyewe dukani. Na maji. Nimeshasema maji?

Watu wananiuliza kuhusu kupona kabisa. Kupandikiza uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kunafanyika hapahapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma walianza kwa watoto wa sikoseli mwaka 2023, lakini unatakiwa upate ndugu anayelingana na mtoto, na sio kila familia inampata. Mwaka huohuo Uingereza na Marekani zikaidhinisha tiba ya kuhariri jeni yenyewe, Casgevy, bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Sisi tuendelee na neti kwanza.

Jamani na vijana mnaotaka kuoa na kuolewa. Hapa naomba nivumiliwe. Nilikuwa na mchumba, barua ilishaletwa, wazee wameshakaa kikao cha mahari, halafu mtu kwao akasema "huyo binti mgonjwa, atawaletea watoto wagonjwa." Kikao cha pili hakikufanyika. Hawakunipigia hata simu, walimtuma mtoto wa jirani arudishe picha. Mpaka leo yule mchumba hajawahi kupima! Kama alikuwa AA, watoto wetu wote wangekuwa AS, hata mmoja asingeumwa. Mwanangu ni AS kwa sababu mume wangu ni AA, tulipima wote wawili kabla hajaja nyumbani. Wao walinifukuza mimi niliyejijua, wakamkaribisha aliyefuata bila kumpima. Wanaosahaulika ni AS wawili wasiojijua, kila mimba ina nafasi ya asilimia 25 ya kuwa SS. Nasema kila mimba. Kuna dada aliniandikia "nimeshazaa mmoja SS kwa hiyo watatu wanaofuata ni salama", hapana mpenzi, hesabu inaanza upya kila mara. Mama yangu alizaa SS, akafuata mimi SS, wadogo zetu wako salama.

Na AS wawili mkipendana siwaambii muachane, hayo ni yenu. Nawaambia mjue. Saudia wameifanya lazima tangu 2004 wachumba kupima kabla ya ndoa. Sisi tunapima ukimwi, tunaulizana makabila, tunaulizana na mshahara, hii ya shilingi chache hatuulizani. Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye SS kila mwaka. Viongozi wa dini mnaofundisha wachumba, mna jumamosi nzima na hao vijana, mnashindwa kuitaja hata kwa dakika tano?

Mkienda kupima muulize ni kipimo gani. Kuna kile cha haraka, wanakiita sikling, kinaonyesha tu kwamba jeni ipo, hakikuambii kama ni AS au SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kudanganya kabisa kwa sababu ya ile hemoglobini ya kichanga. Ukipewa karatasi imeandikwa "positive" tu, usilie na usifurahi, omba elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini, au kile cha kisasa cha tone la damu kinachoandika AA, AS au SS. Ulizia hospitali ya mkoa au ya rufaa kama wanacho kimojawapo, wasipokuwa nacho watakuandikia rufaa. Mama wa meseji, mwambie mume wako na yeye aende kupima, na karatasi yake aitoe nakala mbili, moja ya mama yake.