Barua kwa mwajiri wa mgonjwa wa bipola: iandikwe nini?

Swali: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mjini Naivasha, Kenya. Mgonjwa wangu, mfanyakazi wa shamba la maua, ametoka wodini baada ya kupandwa na mania, yaani msisimko wa kupindukia unaoletwa na bipola, na sasa anatumia lithiamu, dawa ya kuidhibiti hali hiyo. Mwajiri anadai barua kabla ya kumpokea. Niandike nini, na naweza kufanya lipi zaidi ili asipoteze kazi?

Jibu: Usitaje jina la ugonjwa. Mwajiri anahitaji kujua mfanyakazi wake anaweza kufanya nini na kwa masharti gani. Utambuzi wa ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Epuka pia maneno "kazi nyepesi", kwani msimamizi asiye na kazi ya namna hiyo humrudisha mtu nyumbani. Andika sharti linalotekelezeka: kwa mfano, asipangiwe zamu ya usiku wala saa za ziada za usiku kwa miezi mitatu, kisha atathminiwe upya. Kukosa usingizi huweza kuiamsha mania, na mashamba ya Naivasha huchelewa kufunga kazi Februari ikikaribia, kwa sababu ya maua ya Siku ya Wapendanao. Barua ifike kabla ratiba hiyo haijapangwa.

Muulize anafanya kazi sehemu gani hasa. Akiwa ndani ya kivungulio (greenhouse), joto na jasho vitampunguzia maji mwilini, na lithiamu inaweza kupanda hadi kiwango cha sumu. Vivyo hivyo akimeza ibuprofeni kutuliza maumivu ya mgongo, jambo ambalo wagonjwa hawalitaji wasipoulizwa. Awe na maji ya kunywa karibu, na akianza kutapika, kutetemeka sana au kuyumba, aletwe hospitalini mara moja. Ni heri kuomba ahamishiwe kwenye chumba cha kufungashia maua.

Kliniki yake iangukie siku yake ya mapumziko. Kuhusu siku alizolazwa, mpe cheti, kwa kuwa kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, ndani ya miezi 12. Siku hizo huenda zimekwisha. Hivyo, kwa idhini yake, zungumza mapema na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwani mkataba wa pamoja wa shamba unaweza kuwa na siku zaidi.