Maswali ya Wasomaji: Mtihani wa Kiingereza na Mtihani wa Mitandao, Uanze na Upi?

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwa mitihani ya aina mbili ambayo mara nyingi humkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja: mtihani wa lugha ya Kiingereza, kama IELTS au TOEFL, na mtihani wa mitandao ya kompyuta, kama CCNA ya kampuni ya Cisco au Network+. Tumezifupisha barua hizo bila kubadilisha maana.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina stashahada ya teknolojia ya habari na ninakusudia kuomba nafasi katika chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, ambacho kinadai matokeo ya IELTS. Wakati huohuo nataka kufanya mtihani wa CCNA ili nipate kazi ya mitandao. Kila jioni ninagawa muda wangu nusu kwa nusu, lakini naona sisongi mbele katika mtihani wowote. Je, niendelee hivi, au nianze na mmoja?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza mtihani upi ni mgumu, tazama kalenda. Matokeo ya IELTS kwa kawaida hukubaliwa kwa muda wa miaka 2 tangu siku ya mtihani, na cheti cha CCNA hudumu miaka 3 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Anayefanya haraka mtihani wa lugha kisha akachelewa kuomba chuo anaweza kujikuta analipia mtihani uleule mara ya pili. Kwa hiyo, kama chuo unachokilenga kimekwisha kutangaza tarehe ya mwisho ya maombi, tarehe hiyo ndiyo inayoamua, na IELTS itangulie.

Kama hakuna tarehe inayokubana, pima usomaji wako. Chukua ukurasa mmoja wa mwongozo wa ruta (kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao) ulioandikwa kwa Kiingereza, usome mara moja bila kamusi, uufunge, kisha uandike kwa sentensi nne au tano kile kilichosemwa. Ukikwama kwa sababu ya lugha, anza na Kiingereza, kwa kuwa CCNA haina toleo la Kiswahili na maswali yake hubeba masharti madogo madogo ambayo msomaji mwenye pupa huyaruka. Ukikwama kwa sababu hujui jambo lenyewe linavyofanya kazi, anza na mitandao.

Kugawa kila jioni nusu kwa nusu sikushauri. Kazi ya maabara ya mitandao inataka muda usiokatika: unaunganisha swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja), unaipa ruta anwani (namba ya kuitambulisha mtandaoni), mawasiliano yanagoma, na saa nzima inakwisha ukitafuta sababu. Ukiliacha tatizo katikati ili ukafanye sarufi, kesho yake unaanza upya. Kiingereza kina mazoezi mengi yanayotosha katika vipande vya dakika 20, kama vile kusikiliza mazungumzo mafupi, kuandika aya moja au kurekodi sauti yako ukijibu swali. Mtihani mmoja uufanye mkuu na uupe saa ndefu. Mwingine uushikilie kwa vipande vifupi usije ukapoa. Zikibaki wiki 3 au 4 kabla ya mtihani mkuu, ule mwingine uweke kando kabisa.

Ipo njia moja ya kuifanya mitihani hii isaidiane. Katika IELTS ya kitaaluma, kazi ya kwanza ya uandishi hukutaka ueleze chati, jedwali, ramani au mchoro wa mchakato kwa maneno yasiyopungua 150. Mtu anayeweza kueleza kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, jinsi kompyuta inavyopata anwani kutoka kwa seva ya DHCP, yaani kompyuta inatangaza kwamba inaitafuta seva, seva inapendekeza anwani, kompyuta inaiomba anwani hiyo, na seva inathibitisha, amefanya zoezi la mitandao na zoezi la kueleza mchakato kwa pamoja. Hata hivyo, usiridhike na Kiingereza cha miongozo ya vifaa. Lugha hiyo ni ya maagizo, haina hoja ndani yake, na kazi ya pili ya uandishi itakuuliza kuhusu elimu, miji, mazingira au malezi ya watoto, mahali ambapo ujuzi wako wa swichi hautakufaa hata kidogo.

SWALI: Je, IELTS na TOEFL, upi ni rahisi zaidi?

JIBU: Muulize kwanza yule atakayeyapokea matokeo, kwa sababu baadhi ya taasisi hukubali mmoja tu. Kama yote miwili inakubaliwa, tofauti kubwa kwa wengi iko katika kuzungumza: katika IELTS unazungumza na mtahini kwa dakika 11 hadi 14, na katika TOEFL unajibu kwa kipaza sauti bila mtu mbele yako. Wapo wanaofunguka wakiwa na mtu, na wapo wanaoganda. Kumbuka pia kwamba TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, imebadilishwa muundo mara kadhaa, hivyo vitabu vya zamani vinaweza kukuzoesha mtihani usiokuwapo tena. Kwa upande wa IELTS, hakikisha hujajiandikisha katika aina ya jumla wakati chuo kinataka ile ya kitaaluma.

SWALI: Nimefanya IELTS nikapata 7 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 6.5 katika kuzungumza na 5.5 katika kuandika. Chuo kinataka wastani wa 6.5 na kila sehemu isipungue 6. Nimejaribu kuandika insha nyingi nyumbani lakini sioni mabadiliko. Nifanye nini?

JIBU: Wastani wako ni 6.5 kamili, kwa hiyo tatizo lako ni sehemu moja tu. Kwa waliofanya mtihani kwa kompyuta, baadhi ya vituo vinaruhusu kurudia sehemu moja badala ya mtihani mzima. Uliza kituo chako, lakini uliza na chuo pia, kwa maana si kila chuo kinayapokea matokeo ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe. Una dakika 60 kwa kazi mbili, na kazi ya pili, inayotaka maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Mtahiniwa anayetumia nusu saa kupamba maelezo ya chati anajinyima alama mahali zilipo nyingi. Dakika 20 kwa ya kwanza na 40 kwa ya pili ni mgawanyo unaofaa, na katika hizo 40, tano za mwanzo ziwe za kupanga hoja bila kuandika sentensi hata moja.

Mtahini hupima mambo manne yenye uzito sawa: kama umejibu swali lililoulizwa, kama hoja zako zinafuatana na kushikamana, upana na usahihi wa msamiati, na upana na usahihi wa sarufi. Nionavyo mimi, wengi waliolelewa katika insha za Kiswahili hupoteza alama katika jambo la kwanza. Tumezoea kuanza mbali, kumkaribisha msomaji kwa methali na kuizunguka mada kabla ya kuigusa, na katika insha zetu huo ni ufundi. Katika IELTS, swali likikuuliza unakubali kwa kiasi gani, msimamo wako uonekane katika aya ya kwanza, na kila aya inayofuata iutetee. Aya za kukariri zinazoweza kubandikwa juu ya mada yoyote nazo hutambulikana upesi na hazikuletei kitu.

Katika sarufi, yako makosa machache yanayoturudia sisi wasemaji wa Kiswahili: kuacha vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino (“a”, “an”, “the”), kuchanganya viwakilishi vya mwanamume na mwanamke, na kuzipa wingi nomino zisizohesabika. Waliosoma teknolojia huongeza lao, kwani huandika “equipments”, “softwares” na “informations” bila kusita. Chukua insha zako za zamani, uzisome kwa jicho la kosa la aina moja tu kwa wakati, na uhesabu. Kuandika insha mpya kila siku bila kuirudia hata moja ndiko kunakokufanya usione mabadiliko. Insha moja iliyoandikwa mara tatu, kila mara ikiwa imesahihishwa, ina faida kuliko insha kumi zilizoachwa zilivyo. Ukimpata mtu wa kukusahihishia, mwombe akuoneshe lilipo kosa bila kukupa jibu.

Nakuongezea jambo dogo kuhusu kusikiliza, ijapokuwa hukuliuliza: sauti husikika mara moja tu, tahajia inahesabiwa, na jibu linalotaka wingi likiandikwa kwa umoja ni kosa. Masikio yaliyozoea maneno yanayoishia kwa irabu huzikosa kwa urahisi konsonanti za mwisho.

SWALI: Mimi ninajiandaa kwa CCNA. Nadharia ninaielewa, lakini kugawa mtandao katika subneti (mitandao midogo ndani yake) kunanichukua dakika nyingi mno, na katika majaribio muda unaniishia. Je, nikariri majedwali?

JIBU: Jedwali la kukariri ni moja, nalo ni fupi, la thamani za biti nane za kila namba ya anwani: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mengine yanatokana na hilo. Chukua anwani 192.168.10.77/26. Anwani ya IPv4, yaani ya aina hii yenye namba nne, ina biti 32, na /26 inasema 26 za mwanzo ni za mtandao, hivyo zimebaki 6 kwa ajili ya vifaa, na biti 6 zinatoa anwani 64 katika kila subneti. Subneti basi zinaanzia 0, 64, 128 na 192. Namba 77 iko kati ya 64 na 128, kwa hiyo anwani ya mtandao ni 192.168.10.64, anwani ya matangazo (ya kuvifikia vifaa vyote vya subneti) ni 192.168.10.127, na vifaa vinapata kuanzia 65 hadi 126, yaani anwani 62.

Wengi hulimudu hilo, kisha hupotea pale mpaka unapoangukia katika namba ya tatu. Kwa 172.16.45.200/20, biti 4 za namba ya tatu zinabaki kwa vifaa, hivyo hatua ni 16 katika namba hiyo ya tatu: 0, 16, 32, 48. Namba 45 iko katika fungu la 32, hivyo mtandao ni 172.16.32.0 na matangazo ni 172.16.47.255, ile 200 ya mwisho haikuwa na kazi yoyote katika hesabu, iliwekwa hapo ikutishe. Jitungie maswali kama haya kwa kalamu na karatasi, bila kikokotoo, hadi jibu likujie chini ya dakika moja. Haraka ina maana hapa, kwa sababu mtihani una dakika 120 na ukishapita swali huwezi kulirudia.

Lakini usikubali subneti zikumezee muda wote. Katika mtihani wa 200-301, yaani CCNA yenyewe, eneo lenye uzito mkubwa kuliko yote, asilimia 25, ni lile la kupeleka pakiti (vifurushi vya data) kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na humo kuna mtego ambao nadharia ya juu juu haiuoni. Tuseme ruta imejifunza njia ya 10.1.1.0/24 kwa OSPF (utaratibu ambao ruta hupashana habari za njia), na msimamizi ameiwekea kwa mkono njia ya 10.1.0.0/16. Pakiti inakwenda 10.1.1.5. Wengi hujibu kwamba njia ya mkono inashinda kwa kuwa kipimo chake cha kuaminika ni 1 na cha OSPF ni 110, na namba ndogo ndiyo inayoaminiwa zaidi. Sivyo. Ruta huchagua kwanza njia iliyo mahususi zaidi, ambayo hapa ni ile ya /24. Vipimo vya kuaminika hulinganishwa tu pale vyanzo viwili vinapoleta njia ya mtandao uleule wenye urefu uleule.

Jambo kama hilo halikai kichwani kwa kusoma. Programu ya Packet Tracer inapatikana bila malipo kwa anayejisajili katika mafunzo ya Cisco, na inatosha kwa sehemu kubwa ya mtihani huu. Jenga mtandao mdogo wa ruta tatu, uufanye ufanye kazi, kisha uuharibu makusudi: badilisha maski (namba inayoonesha mpaka wa mtandao) ya upande mmoja, zima kiolesura (mlango wa kifaa unaounganishwa na mtandao), weka swichi mbili katika vlani (mitandao inayotenganishwa ndani ya swichi) tofauti, na kila mara andika dalili unayoiona kabla ya kurekebisha.

SWALI: Je, Network+ inatosha, au ni lazima CCNA?

JIBU: Network+ ya shirika la CompTIA haijafungwa na vifaa vya kampuni moja, ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 720 katika kipimo cha 100 hadi 900. Anayelenga kazi ya kuhudumia watumiaji au anayeingia katika fani kwa mara ya kwanza itamfaa. Anayetaka kusanidi ruta na swichi kila siku aende CCNA moja kwa moja. Sioni sababu ya kulipia zote mbili.

SWALI: Kuna mtu anauza “maswali halisi” ya mtihani wa mitandao. Wenzangu wananunua. Je, nami nijaribu?

JIBU: Usinunue. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya usiri, na anayebainika kuyavunja anaweza kufutiwa cheti na kufungiwa mitihani. Aidha, majibu mengi yanayouzwa hivyo si sahihi, na asiyejua somo hana namna ya kuyatambua.

SWALI: Ninataka kufanya mtihani wa mitandao nikiwa nyumbani kwa njia ya kamera. Nizingatie nini?

JIBU: Jina ulilojiandikishia lifanane herufi kwa herufi na lile lililo katika kitambulisho. Meza iwe tupu, chumba kisiingie mtu, na simu uiweke mbali baada ya kuitumia kupiga picha za chumba. Kama una mazoea ya kusoma swali la Kiingereza kwa kunong’ona, yaache mapema, kwa sababu msimamizi anaweza kulichukulia hilo kuwa ukiukaji na kuusimamisha mtihani. Siku chache kabla, fanya jaribio la mfumo kwa kompyuta ileile, mahali palepale na saa ileile utakayofanyia mtihani. Tumia kebo badala ya Wi-Fi, maana itakuwa aibu ya aina yake mtu wa mitandao kuondolewa mtihanini kwa kukatika kwa mtandao.